Karamu ya Mfereji

Meza nyingi za wanadamu ni tambarare. Sinia la wali likiwekwa katikati ya jamvi, kila aketiye kulizunguka yu karibu nalo kama mwenzake, na mkono wa mmoja hauna safari ndefu kuliko mkono wa mwingine. Huko Japani, walakini, iko karamu moja ambayo meza yake ni ya mteremko. Ina kichwa na ina mkia, na chakula hupita mbele ya mtu wa juu kabla ya kumfikia mtu wa chini. Karamu hiyo huitwa nagashi somen, yaani tambi zilizoachiliwa zichukuliwe na maji. Ni burudani ya siku za joto, na watu huiendea kwa furaha. Lakini ndani yake limo swali ambalo si la mchezo hata kidogo. Mtu aliyejaliwa kukaa mahali ambapo riziki hufika kwanza ana wajibu gani kwa wale ambao riziki hiyo huwafikia baadaye?

Yafaa kwanza tuitazame karamu yenyewe ilivyo. Mwanzi mrefu hupasuliwa kati kwa urefu wake, na vifundo vya ndani huondolewa mpaka uwe mfereji laini. Mianzi kadhaa iliyopasuliwa hivyo huunganishwa na kuinuliwa juu ya miguu ya miti, ncha moja juu kuliko nyingine, kisha maji baridi hufunguliwa yapite. Tambi ni za unga wa ngano, nyembamba kama uzi. Huchemshwa, hupozwa, na kugawanywa mafungu madogo ya tonge moja moja. Mtu mmoja husimama kichwani mwa mfereji na kuachia fungu moja baada ya jingine. Walaji hukaa kandokando, mkono mmoja umeshika vijiti viwili na mkono wa pili umeshika kikombe cha mchuzi. Fungu likipita, mlaji hulinasa kwa vijiti, hulichovya katika mchuzi wa soya uliotiwa ladha ya samaki mkavu na mwani, akalila. Aliyelikosa hawezi kulikimbilia, kwa kuwa limekwisha kuwa la jirani yake. Mafungu yasiyonaswa na mtu yeyote hupokewa na kikapu mwishoni.

Aghalabu karamu hii husifiwa kuwa ni desturi ya kale. Tambi zenyewe ni za kale kweli, na Wajapani wamezila kwa karne nyingi. Lakini kuwaandalia wageni mkahawani kwa njia ya mwanzi inasemekana kulianza mwaka 1955 tu, huko Takachiho katika kisiwa cha Kyushu, penye korongo refu na chemchemi za maji baridi. Jambo hili lina mafunzo kwetu. Desturi si lazima iwe na umri wa miaka elfu. Watu wa kizazi kimoja waweza kukubaliana jambo jema, wakalirudia mwaka hata mwaka, na watoto wao wakalikuta limekwisha kuwa desturi. Neno hili tutalihitaji hapo mbele.

Sasa na tuseme kwamba darasa moja huko Meru limetaka kuijaribu karamu hiyo. Vifaa si vigumu kupatikana. Mianzi humea katika ukanda wa msitu wa Mlima Kenya, na iko inayopandwa mashambani; tambi zimo madukani; maji baridi yako; na mteremko hakuna mtu wa Meru asiyeujua. Wanafunzi kumi wamejipanga kando ya mfereji. Fungu la kwanza linakuja. Mwanafunzi wa kwanza, mwenye njaa na mkono mwepesi, analinasa. Analinasa la pili, na la tatu, na la nne. Je, ametenda kosa gani? Hakumpokonya mtu. Hakunyosha mkono kwenye kikombe cha mwenzake. Hakusema uongo wala hakutoa kitisho. Amechukua tu kile kilichopita mbele yake, na kanuni ya mchezo huruhusu mtu kuchukua kinachopita mbele yake. Hata hivyo mwanafunzi wa kumi anatazama maji matupu yakimpita, na sisi sote tunajua moyoni kwamba kuna jambo limeharibika.

Tumezoea kudhani kwamba dhuluma ni tendo la kunyang'anya. Mwizi huvunja mlango, mnyang'anyi hushika rungu, na mlaghai hutumia ulimi. Karamu ya mfereji hutufundisha kwamba iko dhuluma nyingine isiyovunja mlango wala kushika rungu. Iko dhuluma ya mkono, na iko dhuluma ya mahali. Ya kwanza hutendwa na mtu anayechukua kilicho mikononi mwa mwenzake. Ya pili hutendwa na mtu anayezuia kisifike mikononi mwa mwenzake, naye pengine hata jina la mwenzake huyo halijui.

Katika mwanzi, ulafi wa mtu wa kwanza haudumu. Wenzake tisa wanamwona. Mmoja atacheka, mwingine atakohoa, wa tatu atamwambia, "Acha na wengine waonje." Uso wake utapata haya, naye atarudisha vijiti nyuma au atabadilishana nafasi na aliye chini. Hapahitajiki askari wala hakimu. Mezani, jicho la mwenzako ndilo sheria, na haya ndiyo mlinzi wa mlango.

Lakini tuinue macho tutoke katika mwanzi tuitazame nchi. Meru yote ni mfereji wa namna hiyo. Kichwani umesimama Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, nao ndio unaoachia maji fungu baada ya fungu. Mto Kathita hutoka mlimani, hupita kando ya mji wa Meru, huteremka katikati ya migomba, kahawa na chai, kisha huingia nchi kavu ya Tharaka, mahali pa mtama, uwele, mbuzi na mizinga ya nyuki, hata ukaungana na Mto Tana. Upande wa kaskazini, vijito vinavyopita Timau huteremka penye ngano, viazi na mashamba ya maua yauzwayo ng'ambo, vikaelekea Mto Ewaso Ng'iro. Mto huo huwanywesha wafugaji wa Samburu na Isiolo na mifugo yao, kisha hupotelea katika kinamasi cha Lorian.

Watu wa milima ya Afrika Mashariki si wageni wa kuongoza maji. Wachaga wa Kilimanjaro na Wamarakwet wa bonde la Kerio walichimba mifereji mirefu kabla utawala wa kikoloni haujafika, wakaweka na zamu za kuitumia. Katika miteremko ya Mlima Kenya pia mifereji imechimbwa, na siku hizi mabomba yameongezwa juu yake. Kila mfereji na kila bomba ni kijiti kilichonyoshwa kunasa kinachopita. Mvua ikiwa njema, vijiti vyote hupata na mkia wa mto hupata. Mwaka wa ukame, vijiti vya juu hupata, na mkia hukauka. Ewaso Ng'iro umepata kukauka kabisa hapo Archers Post katika miaka ya kiangazi kikali, na wafugaji wamechimba mchanga wa mto wakitafuta maji ya kunyweshea.

Hapa ndipo tofauti kubwa inapoonekana. Mto ni meza ambayo aliye kichwani pake hamwoni aliye mkiani. Mkulima wa Timau anayefungua bomba lake alfajiri haoni mchanga uliochimbwa siku mbili au tatu za safari kutoka kwake. Hakuna anayekohoa kando yake. Hakuna anayecheka. Huenda akawa mtu mwema kabisa, mwenye kulipa karo za watoto wa ndugu yake na kumkaribisha mgeni nyumbani. Dhuluma yake, kama ipo, haikutoka katika moyo mbaya bali imetoka katika umbali. Ile haya iliyomlinda mwanafunzi wa kwanza penye mwanzi haiwezi kumlinda yeye, kwani haya huhitaji uso wa kuonea haya.

Wazee wetu walisema, "Aliye juu mngoje chini." Methali hii huwafariji wanyonge, nayo huwaonya wenye kiburi kwamba cheo hakidumu. Lakini katika jambo la maji faraja hiyo haitoshi. Mbuzi mwenye kiu hajui methali, na mtoto hawezi kungoja miaka aliye juu ateremke. Basi methali inayomfundisha wa chini kungoja haina budi kupewa mwenziwe, yaani neno la kumfundisha wa juu kuachia.

Mtu wa juu, hata hivyo, anazo hoja zake, na haki yatutaka tumsikilize. Kwanza atasema, "Maji haya yanapita katika shamba langu, kwa hiyo ni yangu." Tumjibu kwamba neno lake mwenyewe linamhukumu: amesema yanapita. Mgomba aliupanda, na ng'ombe alimlisha. Lakini mvua hakuinyesha wala msitu unaoihifadhi hakuuotesha. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 nayo yasema kwamba maji yameshikwa na Serikali kwa amana ya wananchi wote. Mwenye shamba kando ya mto ni mtu wa kwanza kufikiwa na amana hiyo, na kufikiwa kwanza si kumiliki.

Pili atasema, "Maji haya mimi siyachezei. Maua na viazi vyangu huwapa watu kazi, na mishahara yao huwalisha watoto." Hoja hii ni ya kweli, na asiyeijali hajui maisha. Wala wema hautaki mtu wa juu ashinde na njaa ili aonekane mwadilifu. Haki ya kula anayo kama wengine. Lakini kuna ngazi katika mahitaji. Maji ya kunywa ya mwanadamu na ya kuuhuisha mto wenyewe hutangulia maji ya faida, na ndiyo maana sheria imetenga akiba kwa ajili ya hayo mawili. Mtu aweza kuridhia kupata mavuno machache mwaka huu. Hawezi kuridhia kutokunywa mwaka huu.

Tatu atasema, na hii ndiyo hoja yake kali kuliko zote, "Nikiyaacha mimi, atayachukua jirani yangu. Wa mwisho hatapata kitu, nami nitakuwa nimejinyima bure." Tukubali kwamba asema kweli. Penye mwanzi, mwanafunzi wa kwanza akirudisha vijiti vyake, huenda wa pili akawa mlafi kuliko yeye. Wema wa mtu mmoja katikati ya watu wasiokubaliana waweza kumnenepesha mlafi bila kumfikia mhitaji. Lakini je, hoja hiyo yampa ruhusa ya kuchukua yote? Hasha. Yamwonyesha tu kwamba wajibu wake si wa kutenda peke yake. Asiyeweza kuutimiza wajibu akiwa peke yake yampasa kuwatafuta wale anaoweza kuutimiza pamoja nao.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilifungua njia ya vyama vya watumiaji wa maji, mto kwa mto, na sheria ya mwaka 2016 ikaiendeleza njia hiyo. Katika chama cha namna hii wa juu, wa kati na wa chini huketi pamoja; na kiangazi kikizidi hukubaliana siku za zamu, ama kupunguza kila mmoja sehemu yake. Mtu aweza kudhani kwamba kazi ya chama ni kupima maji na kutoza faini. Kazi yake kubwa zaidi ni kurudisha nyuso. Mkulima wa juu huketi mkabala na mfugaji wa chini, akamwona na kumsikia, na ile haya iliyopotelea njiani hurudi mahali pake. Huo ndio wakati mto unapopata macho.

Jambo la kuketi na kusikilizana si geni kwa Wameru. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, limejulikana tangu zamani kwa kuamua magomvi ya ardhi na kwa kutetea misitu. Vyama vya maji bado ni vichanga, na viko vinavyolala na viko vinavyopendelea. Lakini tukumbuke ile karamu ya Takachiho. Hakuna desturi iliyozaliwa ikiwa na mvi. Linalorudiwa na watu wa leo kwa uaminifu ndilo watakalolikuta watoto wao kuwa desturi.

Wala tusidhani kwamba maji yakiwa mengi swali litakwisha. Karibu na mpaka wa Embu liko bonde la Mwea, ambako kilimo cha mpunga cha mifereji kilianzishwa katika miaka ya 1950 kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi. Mwaka 2022 lilikamilika huko bwawa la Thiba, lililojengwa kwa msaada wa mkopo kutoka Japani. Wajapani wenyewe ni wakulima wa mpunga tangu kale, na magomvi ya maji wanayajua sana. Hata wanao msemo wa kumsuta mtu mbinafsi, kwamba anavuta maji kwenye shamba lake mwenyewe la mpunga. Bwawa huongeza maji, na hiyo ni neema. Lakini mifereji yake nayo ina kichwa na ina mkia, na mfereji ukijaa mlafi naye huongeza ukubwa wa kikombe chake. Jiwe na saruji haviwezi kuifanya kazi ya mapatano.

Pia tusigawe watu katika makundi mawili, waovu wa juu na wema wa chini. Mtu wa Tharaka anayelalamika juu ya watu wa milimani yeye mwenyewe yuko juu ya Mto Tana. Chini yake wako watu wa Garissa, na chini yao wako wakulima na wafugaji wa delta, mpaka Bahari ya Hindi. Kila mmoja wetu ni wa chini mbele ya mtu fulani, na ni wa juu mbele ya mwingine. Kosa la kawaida la wanadamu ni kukumbuka uchini wao wanapodai, na kusahau ujuu wao wanapochukua.

Tena iko meza moja ndefu kupita zote, nayo ni meza ya wakati. Sisi tulio hai tuko juu. Wasiozaliwa bado wako chini. Barafu ya Mlima Kenya imepungua sana kwa muda wa miaka mia iliyopita. Ingawa maji mengi ya mito yetu hutoka katika mvua na misitu, barafu hiyo ni ishara ya mabadiliko ambayo watakaokuja watayakuta bila kuulizwa. Katika baadhi ya mikahawa ya Japani, fungu la mwisho la tambi hutiwa rangi ili walaji wajue kwamba chakula kimekwisha. Mlima hauna fungu la rangi. Hautatuambia ni mti upi uliokatwa ndio uliokuwa wa mwisho kuifaa chemchemi.

Hapa haya haitufai, kwa sababu wasiozaliwa hawana nyuso za kututazama. Chama hakitufai sana, kwa sababu hawawezi kutuma mjumbe mkutanoni. Kinachobaki ni dhamiri peke yake. Penye mwanzi mtu hulindwa na macho ya wenzake. Penye mto hulindwa na mapatano. Penye wakati hana mlinzi ila moyo wake. Hivyo kadiri mtu wa chini anavyokuwa mbali, ndivyo mtu wa juu anavyohitaji kuwa mwema zaidi, kwa kuwa ndivyo anavyoweza kuwa mbaya bila kuonekana.

Moyo wa namna hiyo hauji siku moja, nao hufunzwa katika mambo madogo. Kijana usomaye haya, huenda huna shamba kando ya Kathita wala bomba huko Timau, lakini mfereji wako unao. Foleni ya githeri shuleni ni mfereji: wa mbele huchota maharagwe, na wa nyuma huambulia mahindi na mchuzi. Tangi la bweni ni mfereji: wa kwanza kuamka huoga kwa ndoo mbili, na wa mwisho huenda darasani hajanawa uso. Kitabu kimoja cha darasa zima ni mfereji pia. Siku utakayokuwa mbele, usijiulize tu kama unaruhusiwa kuchukua, maana aghalabu utakuwa umeruhusiwa. Jiulize ni nani aliye nyuma yako usiyemwona, na kitakachomfikia ni kiasi gani. Kisha chukua kinachokutosha, na kilichobaki ukiachie kipite kabla hujaambiwa.